Sifuri ya Shamba la Shangazi Tatu

Vijana mnaoanza kazi ya kuhesabu viumbe mashambani, nimewaona. Mnapita barabara ya Kirongwe na fulana zenu mpya, simu mkononi, mnasimama kila mti na kuupiga picha kama bibi harusi. Mmoja wenu, yule binti mwenye miwani, alikuja hadi kwangu, akaniamkia vizuri, akaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi hii kwa kuwa nimeifanya miaka ishirini na miwili kabla ya kustaafu. Nilimwambia nitaandika, ila nitaandika zaidi makosa. Mafanikio mtayasoma kwenye ripoti, yamejaa tele huko.

Naitwa Zuhura, lakini ukiulizia jina hilo kijijini kwetu utapelekwa kwa Zuhura muuza vitumbua. Ulizia Mama Vikombe. Jina hilo nililipata mwaka wangu wa kwanza kazini na sikulipenda hata kidogo.

Kikombe chenyewe mnakijua, bado mnakitumia. Unachimba kishimo, unafukia kikombe cha plastiki mpaka mdomo wake ulingane na udongo, unatia maji yenye sabuni kidogo, unakiacha mpaka kesho yake. Mdudu anayetembea chini anatumbukia, na sabuni inamfanya azame asiweze kutoka. Kesho unamwaga kwenye chujio la chai, unawatenga aina kwa aina, unahesabu. Shamba lenye wadudu wa aina nyingi ni shamba zima. Shamba lenye wadudu wengi wa aina moja tu lina ugonjwa njiani. Basi mradi wetu ulikuwa unapima hilo: mashamba yasiyotiwa dawa wala mbolea ya dukani yana viumbe wa aina ngapi, na yale yanayopuliziwa yana wangapi.

Sasa fikirini wenyewe. Mwanamke anaingia shamba la mtu asubuhi na mapema, anachimba vishimo ishirini vilivyonyooka mstari, anafukia vitu, anaondoka bila kusema na mtu. Kisiwa hiki! Siku ya pili nilikuta vikombe vyangu vyote vimeng'olewa na kupangwa kwenye baraza ya msikiti, na wazee watatu wananisubiri.

"Binti, hivi umemkusudia nani?" akaniuliza mmoja.

Nikamimina kikombe kimoja kwenye chujio mbele yao. Wakatoka mende wawili wa shambani, nyenje mmoja, buibui, na sisimizi wasio na idadi. Nikawaeleza kazi yangu. Wakasikiliza kwa makini, kisha yule mzee akauliza, "Na unalipwa kwa hili?" Nikasema ndiyo. Walicheka mpaka mmoja akavua kofia kujifuta machozi. Tangu siku hiyo, kikombe cha kwanza katika shamba lolote nimehakikisha mwenye shamba anakifukia kwa mkono wake. Fanyeni hivyo. Mtu haogopi uchawi alioufukia mwenyewe.

Kosa jingine lilikuwa la nguo nyeupe. Kuhesabu wadudu wa kwenye matawi, unatandaza nguo nyeupe chini ya tawi, unaligonga kwa fimbo mara tatu, unahesabu wanaodondoka. Nilikwenda Kilindoni nikanunua bafta, ile ile ya kushonea sanda, vipande viwili virefu, nikavitandaza chini ya mkorosho wa watu. Mama mmoja aliyekuwa anatoka kuchota maji akaona nguo nyeupe imelala chini na mimi nimeinama juu yake. Akatua ndoo, akaanza, "Innalillahi... nani huyo jamani, mbona hatukuambiwa?" Nilipomwonyesha kwamba ni vidudu tu, alinitukana kwa haki kabisa. Nilikwenda nyumbani nikaishona ile bafta kwenye fremu ya mianzi, ikawa kama ungo mkubwa wa mraba, na hakuna tena aliyenililia msiba.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Tito. Hakuwa mwalimu wa shule, ila tulimwita hivyo kwa sababu hakuweza kukaa kimya mbele ya mtu asiyejua jambo. Mtu wa Mbeya. Alivuka kuja Mafia akitapika njia nzima, akaapa kwamba akishuka hapandi tena chombo cha majini, na kwa kuogopa safari ya kurudi akakaa miaka kumi na mitatu. Alivaa viatu vya buti kwenye mchanga wetu huu, jua kali, na hakukubali kuvivua.

Mwalimu alikuwa mpole kwa watu na mkali kwa daftari. Penseli tu, maana wino unakimbia ukipatwa na mvua. Ukikosea, unapitisha mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka, na la sahihi unaliandika pembeni. Kufuta ilikuwa haramu kwake kuliko nguruwe kwetu. Siku ya kwanza ya kazi alikusanya penseli zetu zote mpya, akachukua wembe, akakata vile vifutio vya nyuma kimoja kimoja, akavitia mfukoni mwake. Nilimwona mtu wa ajabu. Penseli mpya kabisa!

Jambo jingine alilosisitiza ni hili: mkulima asijue siku unayokwenda kuhesabu. Hapo nilimkatalia. "Mwalimu," nikamwambia, "huko kwenu labda. Hapa mtu haingii kwa mtu bila taarifa. Mimi nimelelewa." Akasema, "Dada Zuhura, adabu ni nzuri, lakini panya hapewi taarifa ya mtego." Nikamwona hana malezi. Nilinyamaza kwa mdomo, moyoni nikaendelea kufanya nilivyolelewa. Ndipo linapoanza jambo nililokaa chini kuwaandikia.

Nina shangazi, dada wa baba yangu, anaitwa Bi Tatu. Shamba lake liko kaskazini mwa Kirongwe: minazi ya zamani, mikorosho, mihogo katikati, mbaazi pembeni, na kisima cha maji ya kunywa katikati kabisa. Maisha yake yote hajawahi kutia dawa. Wakati ule hakuwa anafuata mafunzo ya mtu yeyote. Alisema tu kwamba kisima kiko katikati na yeye anakunywa maji yake, basi.

Kilichomlindia mazao ni maji moto. Mnawajua, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mti wakiwa hai na kujifanyia viota humo. Wanauma kweli, jina halikukosea. Lakini maji moto akikaa kwenye mkorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi mpaka yanakauka meusi hapati pa kutua. Akikaa kwenye mnazi, vidaka, zile nazi changa, havipukutiki ovyo. Shangazi alikuwa nao wengi hivi kwamba ukitaka kuchuma korosho kwake unavaa soksi mikononi.

Jirani yake wa upande wa kusi ni Bwana Mussa. Mtu mwema, mwenye watoto wengi shuleni, na mwenye mashine ya kubeba mgongoni ya kupulizia dawa. Mikorosho yake iliungua machipukizi misimu miwili mfululizo, akapuliza, ikapona nusu. Akafikia uamuzi kwamba wadudu wanatoka kwenye mashamba yasiyopuliziwa na kurudi kwake. Akapeleka hoja kijijini: mashamba yote ya ukanda ule yapuliziwe pamoja, bila kuacha hata moja. Wengi walimwelewa. Shangazi akasema shamba lake halipuliziwi yeye akiwa hai. Lakini shamba lake liko katikati, na kijiji kikishapitisha, bibi mmoja atafanya nini?

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa busara. Akawaita watu wa mradi wetu, akasema: "Nyinyi ndio mnaojua kuhesabu. Nendeni mkahesabu kwa Bi Tatu na kwa Mussa. Kama kweli kwa Bi Tatu kuna wadudu walinzi, tutatafuta njia. Kama hakuna, tunapuliza kote." Kwa hiyo kila kitu kilikuwa juu ya hesabu ile: maji moto, minazi, kisima na usingizi wa shangazi.

Wiki moja kabla, nilipita kwa shangazi kumsalimia. Nikatazama juu kama kawaida yangu. Viota vilikuwa kila mahali, vingine vikubwa kama kichwa cha mtoto. Nilirudi nyumbani nimetulia. Na kwa kuwa nimetulia na nimelelewa, jioni ile nilimtuma mtoto wa jirani akamwambie shangazi: Jumatano tunakuja, mimi na Mwalimu, na mwenyekiti atakuja pia.

Jumatano saa moja na nusu asubuhi tulifika. Nilianza kunusa moshi kabla hatujafika kwenye ua. Tukaingia.

Shamba lilikuwa limefagiliwa. Simaanishi uwanja wa nyumba, namaanisha shamba lote. Majani yaliyooza chini ya mikorosho yalikuwa yamekusanywa na kuchomwa. Mnavu, mchunga, nyasi, vyote vimeng'olewa mpaka ardhi inang'aa, na michirizi ya fagio imenyooka kama siku ya Idi. Nikatazama juu. Kila penye kiota palikuwa na tawi lililobabuka. Shangazi alikuwa amewaita wapwa zake wawili, wakafunga vienge vya makuti makavu kwenye miti mirefu, wakachoma viota vyote siku mbili.

Akatoka amevaa kanga mpya, anatabasamu. "Karibuni, karibuni! Mwenyekiti, karibu. Piteni bila wasiwasi, hakuna kitakachowauma. Nimewatengenezea."

Mwalimu Tito alinitazama mara moja tu. Hakuniuliza kama nilipeleka taarifa, maana jibu lilikuwa limefagiliwa mbele yetu.

Nikamwambia shangazi kwa sauti ndogo, "Shangazi, wale maji moto ndio tuliokuja kuwahesabu."

"Najua," akasema. "Lakini mwanangu, mgeni aje kwangu na mwenyekiti juu yake, aumwe na maji moto? Watu watasema Tatu kazeeka, hana tena adabu. Wadudu watarudi, heshima hairudi."

Msimcheke. Ni nani kati yenu ambaye mama yake hafagii akisikia mgeni anakuja? Mwenye kosa nilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyejua kwamba shamba kwa mwenyewe ni kama sebule, na mimi ndiye niliyetuma taarifa.

Tulihesabu. Miti ishirini, mmoja mmoja, shina na matawi. Nikaweka chini fremu nyingine, tupu, ya mraba wa mita moja, mara kumi kuhesabu mimea iliyo ndani yake, na mara kumi nikaandika udongo mtupu. Tulifukia vikombe, na kesho yake tukakuta mchanga na sisimizi wachache weusi waliopotea njia. Kwenye safu ya maji moto nilisimama na penseli. Nikamwambia Mwalimu, "Mimi nimewaona wiki iliyopita kwa macho yangu. Niandike vya wiki iliyopita. Si uongo."

"Wiki iliyopita ulikuwa unamsalimia shangazi yako," akasema Mwalimu. "Leo unahesabu. Andika ulichokiona leo."

"Watapuliza, Mwalimu. Pale kuna kisima."

"Najua. Andika."

Nilimchukia siku ile, nasema kweli. Nikaandika sifuri. Niliiandika kubwa na nyeusi kwa hasira, mpaka ncha ya penseli ikavunjika.

Shangazi alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Tukala. Tulipokuwa tunaaga akaniuliza, "Umeniandika ngapi?"

"Sifuri, shangazi."

Akachukua sinia, akasimama nalo. "Nimekufagilia shamba, nimekupikia, na wewe umeniandika sifuri." Akaingia ndani. Hakutoka kunisindikiza, na tangu nizaliwe hajawahi kuacha kunisindikiza.

Mkutano wa kijiji ulifanyika wiki iliyofuata, chini ya paa la ghala la nazi. Mwalimu alisoma hesabu za mashamba mawili. Kwa Bwana Mussa palikuwa na aina chache, kwa shangazi hata hizo hazikufika. Watu wakanong'ona. Bwana Mussa akasimama, hakufurahi kwa ubaya, alifurahi tu kama mtu aliyeambiwa hakukosea.

"Wazee wetu walisema asiyekuwapo na lake halipo," akasema. "Hao wadudu walinzi hawapo. Sasa tunamlinda nani? Tupulize."

Watu wakacheka. Shangazi alikuwa amekaa nyuma na kanga mpaka kwenye macho. Nilisimama. Sikuwa na hotuba.

"Walikuwapo," nikasema. "Shangazi aliwachoma kwa ajili ya heshima ya wageni, na wageni ni sisi. Mimi ndiye niliyemtumia habari ya siku, nilikatazwa na nikafanya. Kosa ni langu, si lake."

Mwenyekiti akauliza, "Kwa hiyo unataka tuifute hiyo sifuri?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Mwalimu alikata vile vifutio. "Hapana," nikasema. "Ibaki ilivyo. Naomba msimu mmoja. Korosho zikishaiva nitahesabu tena, na safari hii hakuna atakayejua siku, hata shangazi. Nikikuta sifuri tena, pulizeni, sitasema neno."

Kukawa na kelele. Kilichotuokoa ni kwamba Bwana Mussa ni muungwana. Akasema, "Msimu mmoja sikatai. Lakini mimi kwangu napuliza." Wakakubaliana apulize alfajiri tu, upepo ukiwa bado umelala, ili dawa isivuke mpaka.

Asubuhi iliyofuata nilisikia hodi kwangu. Ni shangazi, ana panga mkononi na viroba vitatu begani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kavu. Kisha akasema, "Uliyasema mbele ya watu, nimeyasikia. Twende tukawatafute hao wadudu wako."

Hapa sikilizeni vizuri, maana haya hayamo kwenye simu zenu. Maji moto wanahamishika. Unakwenda asubuhi kabla jua halijawachangamsha, unakata kijitawi chenye kiota kizima, unakitia kwenye kiroba, unafunga haraka, unakwenda kukifunga kwenye mti mpya na kufungua mdomo wa kiroba. Ukiwa mzembe kwenye kufunga utacheza ngoma. Mwalimu Tito, na buti zake, alipandiwa ndani ya suruali, akakimbia hadi nyuma ya mbaazi kuivua, na shangazi akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya sifuri.

Mara ya kwanza tulishindwa. Tulikusanya viota kutoka pembe mbili za kijiji tukaviweka pamoja. Baada ya siku mbili, chini ya kila mti palikuwa na rundo la maji moto waliokufa, wamekamatana taya. Koo mbili haziishi mti mmoja. Nililia pale chini ya mkorosho, mtu mzima mimi, nikaona kisima kile kimekwenda. Shangazi akanipa ncha ya kanga yake. "Jifute," akasema. "Kulia ni mpaka saa nne. Saa nne tunaanza upya."

Tukajifunza kuwauliza wenyewe. Unachukua jani dogo lenye maji moto wachache kutoka kiota hiki, unaligusisha na wa kiota kile. Wakikunjana na kuumana, hao ni wageni kwa wageni, waache. Wakipapasana kwa vipapasio na kupita, ni ukoo mmoja, wabebe. Siku hizi mnaambiwa jambo hili kwenye semina. Sisi tulilipata kwa kuumwa vidole.

Tulifunga kamba za makumbi kutoka mti hadi mti ili wasilazimike kushuka chini, kwa sababu chini kuna wale sisimizi wadogo weusi ambao ni adui zao. Shangazi akawa anawalisha. Kila samaki aliyepikwa nyumba ile, matumbo yake yalikwenda kwa maji moto. Paka akawa anafika kwanza, basi shangazi akayaning'iniza kwa uzi juu ya shina, paka anakaa chini anayatazama siku nzima. Majani makavu tukayarudisha chini ya miti. Fagio akalificha mvunguni mwa kitanda, asilione likamtia majaribuni. Wanawake wenzake walipopita walimwambia, "Bi Tatu, shamba limekushinda?" Lilimuuma sana hilo, kuliko hata maji moto. Aliendelea kuning'iniza matumbo ya samaki.

Sikwenda kuhesabu Jumatano. Nilikwenda Jumamosi moja korosho zikiwa zimeiva, bila hata mimi mwenyewe kujua mpaka nilipoamka, maana Mwalimu ndiye aliyekuja kunigongea. Alikuwa na mwenyekiti, na pia Bwana Mussa, kwa sababu alitaka aone kwa macho yake asisimuliwe.

Nilipiga hodi mlangoni. Hodi ya mlangoni haijaharibu hesabu ya mtu. Ninyi ombeni ruhusa ya mwaka mzima mara moja, kwa heshima zote, halafu siku yenyewe iwe siri yenu. Adabu inabaki na hesabu inabaki. Ningelijua hilo mapema ningelala vizuri miezi ile.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka anasukwa nywele, upande mmoja umekwisha, upande mwingine umesimama. Alipomwona mwenyekiti aliruka. "Ngojeni! Ngojeni kidogo nipitishe fagio!"

"Shangazi," nikasema, "kaa chini."

Akakaa. Ilimgharimu, nilimwona akikunja vidole kwenye kanga.

Tulihesabu miti ile ile ishirini. Mimi niliandika daftari langu na Mwalimu la kwake, bila kutazamana, kama ilivyo sheria ya kazi. Mti wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Wa tatu, kwenye tawi la chini, kiota kibichi, majani yamefumwa kwa nyuzi nyeupe, na maji moto wanapanda na kushuka shina lote. Nikaandika moja. Tulipomaliza tulilinganisha: miti kumi na minne kati ya ishirini ilikuwa na viota. Kwenye fremu ya chini palikuwa na mnavu, mchunga na mlenda, na mimea mingine ambayo shangazi alinitajia majina na mimi sikuyajua. Bwana Mussa alikuwa akikagua machipukizi ya mikorosho moja baada ya jingine, mpaka maji moto mmoja alipomng'ata shingoni. Akamtoa, akamtazama, akamrudisha kwenye jani.

Kwenye mkutano wa pili nilisoma mwenyewe. Nilipomaliza, mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Huyo ni damu yake! Mtoto wa kaka yake ataandika nini kingine?"

Nilifungua mdomo kujibu, lakini Bwana Mussa alinitangulia. Akasimama, bado ana alama nyekundu shingoni.

"Nilikuwepo, nimehesabu naye," akasema. "Lakini hata nisingekuwepo. Mnasahau kitu kimoja. Msimu uliopita, akiwa damu yake hivyo hivyo, alimwandika sifuri. Sifuri, mbele yetu sote, na akajua tutapuliza. Angetaka kudanganya angedanganya siku ile. Mimi namba hii naiamini kwa sababu ya ile."

Kijiji kikaamua kwamba shamba la Bi Tatu lisiguswe, na kila anayepuliza aache upana wa safu mbili za miti kwenye mpaka. Bwana Mussa aliendelea kupuliza kwake msimu mmoja zaidi. Msimu uliofuata alikuja na kiroba, akasimama kwenye ua wa shangazi, akazunguka zunguka na salamu nyingi, mwisho akaomba kiota. Shangazi alimpa vitatu, vya ukoo mmoja.

Vijana, simu zenu ni nzuri. Ile inayosikiliza ndege na kukwambia huyu ni chozi na huyu ni dudumizi, ningeipata zamani ningeoana nayo. Lakini nimemwona yule binti mwenye miwani akigusa mahali fulani kwenye kioo na namba inapotea bila kuacha hata mkwaruzo. Mimi sina wembe wa kukata kitu hicho. Itabidi mkikate wenyewe, kila siku, kwa mkono wenu, hasa siku ambayo namba inamuumiza mtu mnayempenda.

Shangazi yuko hai, haoni vizuri tena. Daftari lile la zamani Mwalimu aliniachia alipostaafu, na siku moja nilimpelekea. Akaniomba nimwekee kidole chake juu ya ile sifuri. Niliiandika kwa nguvu mno siku ile hata leo bado inapapasika kwenye karatasi. Akaipapasa kwa muda, akacheka, akasema, "Ulikuwa na hasira, wewe mtoto."

Mimi bado nakwenda kwake, siku yoyote inayonijia. Nikifika mlangoni napiga hodi, na kabla sijamaliza namsikia kutoka ndani, kwa sauti kubwa ya mtu anayejivunia nyumba yake: "Karibu, sijafagia!"